Nani Alilipia Ukuta Huu? Kuisoma Shule ya Kijiji ya Welisi

Nje kidogo ya jiji la Cardiff, kwenye makumbusho ya wazi ya St Fagans, kuna shule isiyo na mwanafunzi hata mmoja. Ilifunguliwa mwaka 1880 mahali paitwapo Maestir, karibu na mji mdogo wa Lampeter, magharibi mwa Welisi. Mwaka 1916 ikafungwa. Miaka mingi baadaye ikabomolewa kwa uangalifu, ikasafirishwa na kusimamishwa upya hapo makumbusho, na tangu 1984 watu huingia kuitazama. Ni chumba kimoja tu. Mwalimu mmoja alifundisha humo watoto wa miaka 5 hadi 14, wote kwa pamoja, wadogo wakiimba herufi na wakubwa wakihangaika na hesabu, kila mmoja akijitahidi asimsikie mwenzake.

Welisi, kwa wale wanaoijua kwa Gareth Bale peke yake, ni nchi ndogo ya milima na mvua upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania. Ina lugha yake, Kiwelisi, ambayo Mwingereza akiisikia haambulii hata neno. Ukipita vijijini huko utakutana na majengo ya jinsi hii mara kwa mara: kuta za mawe, paa lenye mwinuko mkali, madirisha marefu yaliyochongoka juu, kijinara cha kengele, na jiwe juu ya mlango lenye mwaka uliochongwa. Mgeni hudhani ni kanisa. Hajakosea sana, kwani waliojenga wengi walitaka adhani hivyo.

Historia ya shule hizi huwachanganya watu kwa sababu ni ugomvi wa pande nne uliofanyika ndani ya chumba kimoja. Kulikuwa na Kanisa rasmi la Anglikana, kulikuwa na chapeli za madhehebu yaliyojitenga nalo, kulikuwa na serikali ya London, na kulikuwa na lugha mbili. Kila upande uliochangia uliacha alama yake ukutani, na njia ninayoiona rahisi ya kuelewa mambo haya ni kuuliza, mbele ya kila dirisha na kila jiwe, nani alilipia.

Kusoma kulitangulia majengo

Kwanza tuondoe dhana moja. Shule hizi hazikuwakuta Wawelisi gizani. Karne nzima kabla yake, kuanzia miaka ya 1730, kasisi wa Llanddowror aitwaye Griffith Jones aliendesha shule za kuhamahama. Mwalimu alifika kijijini, mara nyingi majira ya baridi shughuli za shamba zinapopungua, akafundisha watoto mchana na watu wazima usiku kwa miezi mitatu hivi, kisha akafunga virago kwenda kijiji kingine. Darasa lilikuwa popote palipokuwa na paa: kanisani, ghalani, sebuleni kwa mtu. Kitabu kilikuwa Biblia ya Kiwelisi, ile iliyotafsiriwa na William Morgan na kuchapwa mwaka 1588, pamoja na katekisimu. Kuandika hakukuwepo, hesabu hazikuwepo. Kusoma tu, tena kwa lugha ambayo mtoto alimsikia nayo mamaye tangu utotoni.

Jones alipofariki mwaka 1761, shule zaidi ya 3,000 zilikuwa zimeendeshwa kwa mtindo huo, na habari zake zilifika hadi kwa Malkia Catherine wa Pili wa Urusi, ambaye aliagiza taarifa juu yake. Baada ya hapo kazi ikashikwa na shule za Jumapili, ambazo Thomas Charles wa mji wa Bala alizisambaza kwa bidii kubwa. Huko mzee wa miaka 60 alikaa benchi moja na mjukuu wake, wote wakifuata mstari kwa kidole. Kwa hiyo yalipoanza kujengwa majengo ya mawe katikati ya karne ya 19, yalikuta watu wanaosoma tayari. Walichokikosa, machoni pa watawala, kilikuwa Kiingereza.

Hapa ndipo linapoingia suala la chapeli. Kisheria Welisi ilikuwa chini ya Kanisa la Anglikana, lakini watu walikuwa wamehama. Hesabu ya waumini iliyofanywa mwaka 1851 ilionyesha kwamba takriban watu 8 kati ya kila 10 waliokwenda ibadani Welisi walikwenda kwenye chapeli za Wamethodisti, Wabaptisti, Wakongregationali na wengineo waliojitenga na Kanisa rasmi. Makasisi wa Kanisa, wenye mashamba makubwa na mahakimu walikaa upande mmoja. Wapangaji wa mashamba hayo, wachimba mawe na mafundi viatu walikaa upande wa pili. Mgawanyiko huo unaeleza karibu kila kitu kinachofuata.

Vitabu vyenye jalada la buluu

Mwaka 1846 mbunge William Williams, Mwelisi aliyewakilisha mji wa Coventry huko Uingereza, aliomba Bunge lichunguze hali ya elimu Welisi, hasa namna watu wa kawaida wanavyoweza kupata Kiingereza. Makamishna watatu wakatumwa: Lingen, Symons na Vaughan Johnson. Wote Waingereza, wote Waanglikana, na Kiwelisi hakuna aliyekijua. Walizunguka na wasaidizi, wakaingia shule moja baada ya nyingine, wakauliza watoto maswali kwa Kiingereza na kuandika kwamba watoto hawakujibu.

Taarifa yao ya mwaka 1847 ilikuwa na jalada la buluu, kama ilivyokuwa desturi ya taarifa za Bunge. Kuhusu majengo walisema kweli chungu. Walikuta shule kwenye pembe za makanisa yenye unyevu, kwenye dari za mazizi, kwenye vibanda vya sakafu ya udongo, na walimu ambao walishika kazi hiyo kwa kuwa walivunjika mguu au walifilisika dukani. Lakini hawakuishia hapo. Waliandika kwamba lugha ya Kiwelisi na chapeli zake ndizo zilizowafanya watu hawa kuwa nyuma, na wakawatuhumu wanawake wa Kiwelisi kwa uasherati. Nchi nzima ikawaka. Tukio hilo likapewa jina la Brad y Llyfrau Gleision, yaani Usaliti wa Vitabu vya Buluu, na jina limebaki.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Waliotukanwa walikasirika, na hasira hiyo ikawafanya wajenge shule kwa kasi, nyingi zikiwa za Kiingereza, ili kuthibitisha kwamba Vitabu vya Buluu vilisema uongo. Ni kama mtu aliyeambiwa nyumba yake chafu, akaifagia huku akilia kwa ghadhabu.

Jiwe juu ya mlango

Sasa turudi kwenye lile jiwe. Likiwa limechongwa maneno National School, jua fedha zilipitia chama cha Kanisa la Anglikana kilichoanzishwa mwaka 1811. Likisema British School, fedha zilipitia chama pinzani, ambacho watu wa chapeli walikiunga mkono. Likisema Board School, basi ni shule ya bodi iliyochaguliwa na wenyeji, baada ya sheria ya mwaka 1870, na nitaifikia. Maneno hayo, kwenye vijiji ambavyo bibi kizee hakuwa na Kiingereza cha kuombea maji, yaliandikwa kwa Kiingereza.

Tangu 1833 serikali ilianza kutoa ruzuku ya kujenga shule, pauni 20,000 mwaka wa kwanza, kwa sharti kwamba wenyeji watoe nusu ya gharama. Nusu hiyo ndiyo ilikuwa mtihani. Upande wa Kanisa ulikuwa na watu wenye mali. Upande wa chapeli ulikuwa na peni za wachimba mawe, na juu ya hayo, wengi wa watu wa chapeli huko kusini walikataa ruzuku kwa msimamo wa imani: serikali isiguse elimu ya dini, basi na fedha zake zikae huko huko. Msimamo safi, lakini uliwagharimu. Vijiji vingi vikajikuta na shule moja tu, na hiyo moja ni ya Kanisa ambalo wazazi wengi hawakanyagi.

Halafu kuna ardhi. Sheria ya mwaka 1841 ilimruhusu mwenye shamba kutoa kiwanja kisichozidi ekari moja kwa ajili ya shule. Wengi walitoa. Shule ya Maestir yenyewe ilijengwa kwa mkono wa wenye shamba kubwa la Falcondale, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi na wapangaji wao. Mtoa ardhi alikuwa na sauti juu ya nani afundishe, dini gani ifundishwe, na jengo lifanane na nini. Na sheria ile ilikuwa na ndoana ndani yake: jengo likiacha kutumika kama shule, kiwanja kinarudi kwa mtoaji au kwa warithi wake. Ndoana hiyo bado inachoma. Shule zilipofungwa katika karne ya 20, mawakili walianza kusaka vitukuu vya mabwana waliokufa zamani, hadi Bunge likatunga sheria nyingine mwaka 1987 ili ardhi hizo zishikiliwe kwa niaba ya warithi badala ya kuangukia mikononi mwao hivi hivi.

Ndiyo sababu ya sura ya kanisa. Wasanifu waliopewa kazi na Kanisa ndio wale wale waliokuwa wakikarabati makanisa, na mtindo uliotawala ulikuwa wa Kigothi: tao lililochongoka, paa kali, mbao za dari zinazoonekana kutoka chini, kengele juu. Jengo lilisema, kabla mtoto hajafungua mlango, kwamba elimu ni mali ya Kanisa. Shule za chama pinzani mara nyingi zilikuwa kavu zaidi, madirisha ya pembe nne au ya tao la duara, kama chapeli zenyewe. Huko London, msanifu E. R. Robson, aliyejenga shule nyingi za bodi, alisema waziwazi mwaka 1874 kwamba shule isiyo ya dhehebu lolote isivae vazi la kanisa, akachagua matofali mekundu na madirisha makubwa meupe. Huko vijijini Welisi mawazo hayo yalifika polepole. Fundi mwashi alijua kupiga tao lililochongoka, mchoro wa kijiji jirani ulikuwepo, basi hata shule za bodi nyingi zikatoka na sura ya kanisa bila mtu yeyote kukusudia.

Mawe ya ukuta yalitoka karibu, mara nyingi machimbo ya kijiji chenyewe. Mawe laini ya kona na fremu za madirisha yalikuja kwa reli pale reli ilipofika, na kaskazini mashariki utaona matofali mekundu ya Ruabon, mekundu kama nyanya iliyoiva, yanayopigana na kijivu cha mlima nyuma yake. Paa lilikuwa la sleti, jiwe jeusi la samawati linalopasuka katika bapa nyembamba. Machimbo ya Penrhyn na Dinorwig, huko kaskazini, yaliezeka nusu ya dunia kwa jiwe hilo. Wachimbaji waliita vipimo vyake kwa majina ya mabibi wakubwa, Duchess, Countess, Lady, kwa hiyo juu ya vichwa vya watoto wa maskini kulilala safu kwa safu za wake wa mabwana. Jiwe hilo hilo, likikatwa dogo na kuwekewa fremu ya mbao, lilikuwa daftari la mtoto. Aliandika kwa kijiti cha sleti, akatema mate, akafuta kwa mkono wa shati. Dari na daftari vilitoka mlima mmoja.

Futi 8 za mtoto mmoja

Ndani, aliyelipia zaidi alikuwa serikali, na serikali ililipia kwa kipimo. Kanuni za wakati huo zilitaka kila mtoto awe na futi 80 za ujazo, na kufikia miaka ya 1870 futi 8 za mraba za sakafu. Chukua chumba cha futi 30 kwa 18. Ni futi 540 za mraba; gawa kwa 8, unapata watoto 67. Hicho ni chumba kisichozidi sebule mbili za leo. Kila mtoto alipata eneo lisilofika robo tatu ya mita moja ya mraba, kiti na meza na mwili wake vyote humo.

Umbo la ukumbi mmoja mrefu halikuanza na umaskini tu. Mwanzoni mwa karne walitumia mfumo wa viranja, ambao Andrew Bell aliutoa Madras, India, na Joseph Lancaster akaujenga kivyake London: mwalimu mmoja anawafundisha wanafunzi wakubwa, hao wanawafundisha wadogo. Kwa mfumo huo ukumbi wazi ndio ulihitajika, ili jicho la mwalimu lifike kila pembe. Kuanzia 1846 serikali ikaanza kulipa walimu wanagenzi, vijana wa kuanzia miaka 13 waliofundisha huku wakijifunza kazi, na hapo vikahitajika vijisehemu: pazia zito la kugawa chumba, kisha chumba kidogo cha pembeni, kisha ngazi za mbao ambapo watoto wadogo kabisa walikaa safu juu ya safu kama mashabiki uwanjani. Ukiona shule ya kijiji yenye chumba kikubwa na kingine kidogo kimebandikwa ubavuni, chenye mawe ya rangi tofauti kidogo, unatazama mageuzi hayo kwa macho.

Madirisha yaliwekwa juu, ili mtoto aone mbingu na asione gari la farasi linalopita. Baadaye wataalamu wakasisitiza mwanga uingie kutoka kushoto. Sababu ni ndogo na ya maana: mkono wa kulia unaoandika usitupe kivuli kwenye ukurasa. Mwenye mkono wa kushoto hakufikiriwa, na kwa vyovyote angelazimishwa kutumia wa kulia.

Jiko la chuma la makaa ya mawe lilikaa upande mmoja, kwa kawaida karibu na mwalimu. Hebu fikiria asubuhi ya Februari. Watoto wametembea maili 2 au 3 katika mvua ya milimani, viatu vya soli ya mbao vimejaa maji, na makoti ya sufu yametandazwa kwenye uzio wa jiko yakitoa mvuke. Walio mbele mashavu yanaungua, walio nyuma wino umeganda. Ndiyo maana kwenye paa nyingi kuna tundu la hewa lililofichwa ndani ya kijinara kizuri: lilikuwa la kutolea harufu ya watoto 60 waliolowa. Vyoo vilikuwa mwisho wa uwanja, na juu ya milango miwili ya kuingilia ilichongwa Boys na Girls, ingawa ndani walikutana katika chumba kile kile.

Nyumba ya mwalimu ilishikana na shule, mlango wake hatua chache kutoka darasani. Ilikuwa sehemu ya mshahara, na ilimaanisha kwamba akigombana na kasisi au na mwenye shamba, anapoteza kazi na paa siku hiyo hiyo.

Shilingi 2 na peni 8

Mwaka 1862 serikali ilibadilisha namna ya kutoa ruzuku, na mabadiliko hayo yaliuma kuliko fimbo. Chini ya kanuni mpya za Robert Lowe, aliyesimamia elimu serikalini, shule ililipwa kwa matokeo. Mkaguzi alifika mara moja kwa mwaka. Kila mtoto aliyehudhuria vya kutosha alitahiniwa katika kusoma, kuandika na hesabu. Akishinda yote matatu, shule inapata shilingi 8. Akianguka moja, zinakatwa shilingi 2 na peni 8. Juu ya hizo kulikuwa na shilingi 4 za mahudhurio. Shule yenye watoto 40 wa kutahiniwa ilikuwa na pauni 16 (pauni moja ilikuwa shilingi 20) zinazoning'inia kwenye ndimi za watoto siku hiyo moja, na mshahara wa mwalimu ulizitegemea.

Mtihani ulikuwa kwa Kiingereza. Kiwelisi hakikuleta hata peni. Hakuna sheria iliyopiga marufuku Kiwelisi shuleni, na hili husahaulika sana, haikuhitajika. Mwalimu, ambaye mara nyingi alikuwa Mwelisi mwenyewe, alifanya hesabu zake. Watoto wakakaririshwa kitabu cha Kiingereza hadi waweze kukisoma kama kasuku, hata kikishikwa juu chini, bila kujua kilichosemwa. Wakaguzi wenyewe walilalamika juu ya hilo, kisha wakajaza fomu.

Kanuni hizo pia zilimlazimu mwalimu mkuu aandike daftari la matukio ya shule. Madaftari hayo yapo kwenye hifadhi za nyaraka za wilaya na yanasomeka kama shajara ya hali ya hewa na magonjwa: mvua, watoto wachache, mavuno ya nyasi, watoto wachache, viazi, gulio, mkutano wa chapeli, surua, kifaduro. Shule za vijijini hazikujaa hata baada ya mwaka 1880, mahudhurio yalipofanywa lazima hadi miaka 10, wala karo ya peni chache kwa wiki ilipoondolewa kwa shule nyingi mwaka 1891. Mzazi alikuwa na ng'ombe.

Na kuna kile kipande cha mbao. Kiliitwa Welsh Not. Mtoto akisikika anasema Kiwelisi anavishwa shingoni. Akimsikia mwenzake naye amesema, anamvisha. Atakayekutwa nacho mwisho wa siku anachapwa. Kimoja kutoka shule ya Pontgarreg, chenye herufi WN, kimehifadhiwa huko St Fagans. Wengi hudhani serikali ilikiamuru. Haikuamuru. Kilianza kabla ya ruzuku za matokeo, kilitumika zaidi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na mara nyingi wazazi walikiridhia kwa kuwa walitaka mtoto wao apate Kiingereza cha kumpeleka mbali. La kushangaza zaidi, hata Vitabu vya Buluu, ambavyo havikuipenda lugha hiyo, vilikilaani: viliandika kwamba watoto walikuwa wakinyemelea nyumba za wenzao ili kumsikia nani anasema Kiwelisi na wazazi wake.

Wasomaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika juu ya watoto wa enzi ya ukoloni waliovishwa vibao kwa kosa la kusema Gĩkũyũ, na kizazi changu kilikiita diski. Mimi nilikivaa darasa la tano kwa kumwambia rafiki yangu "nipe kifutio". Kilikuwa na kamba ya katani iliyokwaruza shingo, na ninachokumbuka zaidi ni jinsi nilivyozunguka mapumziko yote nikitega sikio, nikimtafuta wa kumpa.

Mmoja aliyekivaa Welisi alikuwa O. M. Edwards, aliyezaliwa Llanuwchllyn mwaka 1858. Alisimulia baadaye kwamba kamba hiyo ilikuwa shingoni mwake siku baada ya siku. Mwaka 1907 akawa mkaguzi mkuu wa shule za Welisi, akazunguka madarasani akiwahimiza walimu wafundishe Kiwelisi.

Kimya cha Llanystumdwy

Kama ningechagua chumba kimoja cha kueleza ugomvi wa Kanisa na chapeli, ningechagua shule ya Llanystumdwy, kaskazini magharibi. Ilikuwa shule ya Kanisa, ya pekee kijijini. Humo alisoma David Lloyd George, yatima wa baba, aliyelelewa na mjomba wake Richard Lloyd, fundi viatu na mhubiri wa Kibaptisti. Kila mwaka watoto walipangwa mbele ya kasisi, wakaguzi na wakubwa wa eneo ili wakariri imani ya Kanisa. Inasimuliwa kwamba mwaka mmoja kijana David aliwashawishi wenzake wanyamaze. Mwalimu akauliza, kimya. Akauliza tena, kimya, wageni wakitazamana. Mwishowe mdogo wake David, William, akamhurumia mwalimu na kusema "Nasadiki", na darasa zima likamfuata.

David huyo ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia 1916 hadi 1922. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 1902 ilipofuta bodi za shule na kuagiza kodi za wenyeji zitunze shule za Kanisa pia, yeye ndiye aliyeongoza halmashauri za Welisi kugoma. Bodi hizo, zilizoletwa na sheria ya 1870, zilikuwa zimewapa watu wa chapeli nafasi ya kuchagua wenyewe nani aendeshe shule iliyojengwa kwa kodi yao, bila katekisimu ya mtu. Kuzipoteza kuliuma.

Baada ya hapo jiwe la mlangoni likapata maneno mapya, Council School, na shule nyingi zikaendelea na kazi humo humo, madirisha yakishushwa, taa za umeme zikifungwa, choo kikihamishiwa ndani. Nyingine zikafa kama Maestir, watoto walipopungua. Mwaka 1901 karibu nusu ya watu wa Welisi walisema Kiwelisi. Sensa ya 2021 ilihesabu asilimia 17.8. Shule za vijijini zinazofundisha kwa Kiwelisi sasa ni kati ya ngome zake, na tangu 2018 mwongozo wa serikali ya Welisi unataka halmashauri ianze na dhana kwamba shule ya kijijini haifungwi mpaka njia nyingine zote ziangaliwe.

Zilizofungwa zimegeuzwa kumbi za kijiji na, mara nyingi zaidi, nyumba za kuishi. Chumba cha watoto 67 ni sebule ya familia ya watu wanne, na kitanda kimewekwa juu, usawa wa tao la dirisha. Jiwe la zamani bado lipo juu ya mlango na Kiingereza chake. Chini yake, kando ya kengele ya umeme, mwenye nyumba amebandika kibao kidogo cha sleti: Yr Hen Ysgol. Shule ya Zamani.